Polio Iliyopita Kati ya Waliochanjwa

Mwezi Mei 1988, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliokaa Geneva ulipitisha azimio la kuitokomeza polio ulimwenguni kote ifikapo mwaka 2000. Ugonjwa huo ulikuwa bado unapoozesha watoto wapatao 350,000 kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tegemeo kubwa la azimio lilikuwa chanjo ya matone: matone mawili kinywani mwa mtoto, yarudiwe angalau mara tatu, na asiachwe mtoto yeyote nyuma.

Siku azimio hilo linapitishwa, Oman ilikuwa katika mwezi wa tano wa mlipuko wa polio. Ulianza Januari 1988 na haukukoma mpaka Machi 1989, ukiwa umeshapoozesha watu 118. Walioumia zaidi walikuwa wadogo wasiotimiza miaka miwili. Katika kila watoto 100,000 wa umri huo, 87 walipooza. Nchi nzima wakati huo haikufikisha watu milioni mbili.

Na haikuwa nchi iliyozembea. Muda mfupi kabla ya mlipuko, Oman ilikuwa imepandisha kiwango cha watoto wa mwaka mmoja waliokamilisha dozi tatu za matone kutoka asilimia 67 hadi 87. Nchi nyingi za Afrika na Asia zingetamani namba hizo. Virusi vikapita katikati ya watoto waliochanjwa, vikakaa nchini zaidi ya mwaka, na hata kampeni mbili maalumu za kuchanja watoto kwa wingi hazikuvikata mara moja.

Ningepewa kumfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biolojia somo la kinga, nisingeanza na mchoro wa chembe nyeupe za damu na majina yake ishirini ya kukariri. Ningeanza na mlipuko huu. Karibu kila kitu ambacho somo hilo linataka akielewe kimo humu, tena kwa namna ambayo hakisahauliki.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Kabla ya 1970, mtu wa Maskati aliyezidiwa na ugonjwa alikuwa na pa kukimbilia pachache mno. Mahali palipojulikana zaidi ni hospitali ya wamisionari wa Kimarekani kule Matrah, alikofanya kazi Dkt. Wells Thoms tangu 1939 mpaka 1970. Baba yake, Dkt. Sharon Thoms, alitangulia kutibu watu katika mji huohuo na akafia huko mwaka 1913. Aliyekuwa mbali, huko ndani milimani au pwani ya Sur, alitegemea dawa za miti, chuma cha moto na dua. Julai 1970 Sultani Qaboos alishika nchi, na mwaka huohuo Wizara ya Afya ikaundwa. Wito ulitoka kwa Waomani waliokuwa nje warudi. Wengi walitoka Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki, baadhi yao wakiwa na vyeti vya ualimu, uuguzi na ukarani, na Kiswahili kikaanza kusikika katika ofisi za Ruwi na Matrah kama kilivyosikika mitaa ya Malindi na Shangani kule Unguja. Mwaka 1981 mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kikafunguliwa. Yote hayo yalifanyika chini ya miaka ishirini.

Ndiyo maana mlipuko wa 1988 uliuma. Wa kwanza kushukiwa ni friji. Chanjo ya matone ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na joto huviua. Nchi ambayo kiangazi chake hupita nyuzi 45 haiwezi kukosa kuulizwa kama mnyororo wa baridi ulikatika njiani, kati ya bohari ya Maskati na zahanati ya kijijini. Wachunguzi wa wizara, pamoja na wataalamu wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani wakiwemo Roland Sutter na Peter Patriarca, walifuata njia hiyo. Ripoti yao ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1991. Friji hazikuwa na hatia. Nguvu ya chanjo nayo haikuwa na kasoro iliyotosha kueleza yaliyotokea.

Wakapima pia kama matone yalisaidia chochote, na hapo jibu lilikuwa la kutia moyo: dozi tatu zilipunguza hatari ya kupooza kwa asilimia 91. Chanjo ilikuwa inafanya kazi. Sasa, ikiwa chanjo ni nzima na watoto wengi wameipata, virusi vilipitia wapi?

Vilipitia utumboni, na huko ndiko mwanafunzi anapaswa kuelekeza macho. Virusi vya polio huingia kwa kinywa, kwa maji au mikono iliyoguswa na kinyesi. Hushuka hadi kooni na utumboni, vikajishika kwenye seli zenye kipokezi kinachovifaa, vikaingia, vikazaliana. Ukutani mwa utumbo mdogo kuna mabaka ya tishu za limfu, yaitwayo mabaka ya Peyer, ambako seli za kinga hukutana na kila kinachopita. Kwa mtoto asiye na kinga, virusi huzaliana humo kwa wiki kadhaa na kutoka na choo. Wengi hawaoni dalili yoyote. Wachache hupata homa kidogo. Kwa virusi vya aina ya kwanza kati ya aina tatu za polio, ambavyo ndivyo vilivyokuwa Oman, ni karibu mtoto mmoja katika kila 200 walioambukizwa ambaye virusi vyake hupenya damuni, vikafika kwenye uti wa mgongo na kuua neva zinazoendesha misuli. Huyo ndiye anayepooza.

Hebu tufanye hesabu. Waliopooza ni 118. Tukizidisha kwa 200 tunapata zaidi ya watu 23,000 walioambukizwa. Hata hesabu hiyo ni ya chini, kwa sababu wengi wa watoto wale walichanjwa na chanjo iliwakinga na kupooza. Wachunguzi walikadiria kwamba katika baadhi ya mikoa, zaidi ya robo ya watoto wenye umri wa miezi 9 hadi 23 waliambukizwa. Hao ni watoto ambao wengi wao kadi zao zilikuwa zimejaa mihuri yote. Hawakupooza, lakini virusi viliingia mwilini mwao, vikazaliana na kutoka kwenda kwa wengine.

Mwili hauna kinga moja. Mtoto aliyechanjwa vizuri huwa na kingamwili katika damu, hasa zile za kundi la IgG. Hizo hutengenezwa na seli B zilizokutana na virusi, zikasaidiwa na seli T, zikazaliana na kuacha nyuma seli za kumbukumbu. IgG ikiwa tele damuni, virusi vinavyojaribu kupanda kutoka utumboni kwenda kwenye neva hunaswa njiani. Lakini IgG ya damu haifiki kwa wingi juu ya utando wa utumbo. Huko hutawala kundi lingine, IgA, linalotengenezwa na seli zilizo chini ya utando huo na kuvushwa hadi kwenye uteute, likazuia virusi visijishike. Mtoto anaweza kuwa tajiri wa la kwanza na maskini wa la pili. Huyo mwenyewe yuko salama, lakini virusi bado vinaweza kupita kwake kwenda kwa mdogo wake.

Chanjo ya sindano ya Jonas Salk, iliyotangazwa Aprili 1955, ina virusi vilivyouawa. Huijaza damu kingamwili, ila utumbo ambao haujawahi kukutana na virusi haujifunzi mengi kutokana nayo. Matone ya Albert Sabin yana virusi hai vilivyolegezwa, hupita njia ileile ya ugonjwa na kuufundisha utumbo wenyewe. Ndiyo sababu dunia ilichagua matone, mbali na bei yake ndogo na kwamba hayahitaji sindano.

Wasomaji wa Uvira na Bujumbura huenda wakashangaa kusikia kwamba chanjo hai ya kinywani ilipita kwao mapema sana. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, watu zaidi ya 200,000 walipewa katika muda wa wiki chache chanjo iitwayo CHAT ya Hilary Koprowski, mpinzani wa Sabin, wakipuliziwa mdomoni. Miaka mingi baadaye lilizuka dai kwamba kampeni hiyo ndiyo iliyoleta UKIMWI. Vipimo vya akiba zilizobaki za chanjo na nasaba ya virusi vyenyewe vimelikanusha. Tuliache hapo.

Ya maana zaidi kwetu ni kwamba tangu zamani watafiti wa nchi za joto waligundua matone hayafanyi kazi sawasawa kila mahali. Kule Vellore, kusini mwa India, T. Jacob John alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba watoto wengi waliopewa dozi tatu hawakuota kingamwili za kutosha. Mwaka 1974 Domok na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa Uganda, wakitafuta ni nini kinachoidhoofisha chanjo hai katika mazingira ya joto. Sababu zilizojitokeza kwa miaka ni kadhaa, na zote zinafaa kukaa kichwani mwa mwanafunzi. Utumbo wa mtoto wa huku mara nyingi tayari una virusi vingine vya jamaa hiyohiyo vinavyogombea nafasi. Kuharisha siku ya chanjo hupunguza uwezekano wa chanjo kushika. Aina tatu za virusi zilizokuwamo ndani ya tone moja nazo zilishindana, na aina ya pili ndiyo iliyokuwa na kawaida ya kuwashinda wenzake. Tena kuna kingamwili za mama. IgG ya mama huvuka kondo la nyuma, hasa katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na mtoto huzaliwa nazo. Zinamlinda, lakini pia huikabili chanjo na kuinyamazisha kabla mwili wa mtoto haujapata nafasi ya kujifunza. Hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu au nne hivi.

Sasa turudi Oman na tuchukue watoto 100 wa kufikirika. Tuseme 87 wamechanjwa na chanjo inawakinga asilimia 91 yao. Wanane wa hao 87 wamebaki wazi bila mtu kujua. Waongeze 13 ambao hawakukamilisha. Una watoto 21 wasio na kinga na 79 wenye kinga. Polio ni ugonjwa ambao mgonjwa mmoja, katika jamii isiyo na kinga, huambukiza watu watano hadi saba, na kwa hiyo kuuzuia kunahitaji walio na kinga wafike asilimia 80 hadi 86. Sabini na tisa haifiki. Na hapo tumehesabu kinga dhidi ya kupooza. Kinga dhidi ya kuambukizwa na kuambukiza ni ndogo zaidi. Utaona pia kwamba katika hesabu yetu zaidi ya theluthi ya watakaopooza watakuwa na kadi kamili. Mtu wa mtaani akiona hivyo atasema chanjo haifai. Mwanafunzi wa biolojia hana ruhusa ya kusema hivyo kabla hajaigawanya hesabu.

Ripoti ya Lancet ilitaja sababu tatu za watoto wasio na kinga kulimbikizana. Mbili si ngeni: ufanisi wa matone mwilini ulikuwa chini ya ilivyotarajiwa, na ratiba ilichelewa, kwani mtoto alimaliza dozi zake za msingi akiwa na miezi saba, hivyo kila mtoto alikuwa na kipindi kirefu cha kuwa nusu wazi. Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia mimi: mafanikio ya mpango wenyewe. Zamani virusi vya kienyeji vilizunguka muda wote, na karibu kila mtoto alikutana navyo mapema. Wengi walipata kinga bila kujua, wachache walipooza. Chanjo ilipopunguza mzunguko huo, mtoto ambaye matone hayakumshika hakukutana tena na virusi vya kumfundisha. Alibaki hivyo, na mwenzake, na mwenzake, mwaka hadi mwaka. Takwimu za kila mwaka zilipendeza huku akiba ya wasio na kinga ikiongezeka chini yake.

Kikakosekana kitu kimoja tu, mgeni wa kuwasha moto. Wachunguzi walisoma mpangilio wa jenomu ya virusi vilivyopatikana, wakaona havifanani na vya Mashariki ya Kati. Vilitoka Asia ya Kusini, tena karibuni. Kwa anayeijua Maskati si ajabu. Gwadar, kwenye pwani ya Baluchistan, ilikuwa chini ya masultani wa Oman mpaka 1958, ilipouzwa kwa Pakistani. Wabalushi, Wahindi na Wapakistani ni sehemu ya mji huo kama Wazanzibari walivyo. Bahari iliyoleta mchele na vitambaa Matrah ndiyo ileile iliyoleta kipindupindu mwaka 1821, miaka ambayo Sayyid Said alikuwa akitawala.

Jambo moja katika ripoti hiyo huwachanganya wanafunzi. Wagonjwa na watoto wa kulinganishwa nao, wasiopooza, walipopimwa damu, kingamwili zao dhidi ya aina ya kwanza zilikuwa karibu sawa kabisa. Mtu angedhani aliyepooza atakuwa hana kitu. Lakini aliyepooza ameshaambukizwa, na mwili wake umeshatengeneza kingamwili, ila zimechelewa, neva zimekufa. Asiyepooza naye anazo, kwa chanjo au kwa sababu virusi vimempitia pia. Kipimo cha damu kinaonyesha kwamba mwili umekutana na adui, hakionyeshi ulikutana naye lini. Kufanana kule ndiko kulikowaonyesha wachunguzi jinsi virusi vilivyokuwa vimeenea.

Oman ingeweza kuona aibu na kufunga jalada. Badala yake ikageuka mahali pa kujibia maswali ambayo nchi nyingine ziliyaogopa, na hilo nalihesabu kuwa tendo kubwa kuliko hospitali nyingi zilizojengwa. Katika utafiti wa Gambia, Oman na Thailand uliochapishwa 1997, watoto walipewa matone, au sindano, au vyote viwili. Waliopata vyote viwili ndio walioongoza kwa kingamwili za damu, na kinga yao ya utumbo haikuwa nyuma ya wale wa matone peke yake. Mwaka 2000 ukatoka utafiti mwingine wa Oman. Watoto wa miezi tisa, waliokwisha kupata matone, waliongezewa dozi moja. Walioongezewa matone hawakunufaika sana, lakini sindano ilipandisha kingamwili dhidi ya aina ya tatu, iliyokuwa imelegalega. Mwili ulikwisha kuandaliwa. Ulihitaji kukumbushwa kwa njia nyingine.

Mwaka 2010 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha kazi ya Ali Jaffer Mohammed wa Wizara ya Afya ya Oman na wenzake. Swali lao lilikuwa la pesa kwanza: sindano ni ghali, je, moja ya tano ya dozi ingetosha? Dozi kamili ni nusu mililita ndani ya msuli. Wao walitoa sehemu ya kumi ya mililita ndani ya ngozi, kwa kifaa kinachosukuma dawa bila sindano. Dawa ikiingia vizuri ngozi huinuka papo hapo, kijivimbe kama punje ya dengu, na muuguzi akikiona anajua amepata pale panapotakiwa. Ngozi ina seli za dendriti kwa wingi, ambazo hukamata kitu kigeni na kukipeleka kwenye tezi ya limfu ili seli T na seli B zikione. Msuli hauna utajiri huo.

Watoto walipewa wakiwa na miezi 2, 4 na 6. Baada ya dozi ya tatu, kwa kila moja ya aina tatu, zaidi ya asilimia 95 ya waliopewa moja ya tano walikuwa na kingamwili. Waliopewa dozi kamili walifika 100. Wingi wa kingamwili hizo, hata hivyo, ulikuwa mdogo kwa dozi ndogo. Kisha wakiwa na miezi saba wakapewa matone ya aina ya kwanza, ili ionekane utumbo wao utafanya nini. Siku saba baadaye, virusi vya chanjo vilionekana katika choo cha karibu asilimia 75 ya kundi la dozi ndogo na asilimia 63 ya kundi la dozi kamili. Damu zao zilikuwa tayari, tumbo lilikuwa bado. Mlipuko wa 1988 ulikuwa umeshasema hivyo kwa njia ya uchungu. Sasa jambo hilo lilikuwa limethibitishwa kwa jaribio.

Wakati huohuo Cuba ilijaribu dozi hiyohiyo, ila kwa ratiba ya wiki 6, 10 na 14. Kwa aina ya kwanza ni karibu asilimia 53 tu ya watoto waliopata kingamwili. Tofauti kubwa ilikuwa umri na nafasi kati ya dozi: katika wiki ya sita kingamwili za mama bado zimejaa, na wiki nne hazizipi seli za kumbukumbu muda wa kukomaa. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini kliniki humwambia mama arudi baada ya muda fulani na si kesho, jibu lake liko kati ya Maskati na Havana.

Aprili 2016 aina ya pili iliondolewa katika matone ya kawaida duniani kote, kwa sababu virusi hai vya chanjo, vikizunguka muda mrefu katika jamii yenye waliochanjwa wachache, huweza kurudia ukali wake. Sindano ikahitajika kila mahali kwa ghafla, ikapungua, na India, Sri Lanka na Bangladesh zikageukia moja ya tano ndani ya ngozi. Upande wetu, Afrika ilitangazwa Agosti 2020 kuwa haina tena polio ya asili. Februari 2022 Malawi ikatangaza mtoto aliyepooza Lilongwe kwa virusi vya aina ya kwanza vyenye nasaba ya Pakistani, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi jirani zilizolazimika kuchanja nyumba kwa nyumba.

Oman yenyewe haijaona tena mlipuko kama ule. Polio ya asili imebaki na makazi katika nchi mbili, Pakistani na Afghanistan, na ndege inayotoka Karachi hutua Maskati katika muda usiozidi saa mbili.